Pigo la Wimbo na Fremu ya Video: Kwa Nini 120 Haikai Ndani ya 25

Mtu anayeanza kuhariri video za muziki hukutana mapema na kero moja inayomchanganya. Amechukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, ameuweka kwenye mradi wa fremu 25 kwa sekunde, amekata picha ya kwanza juu ya pigo na ikakaa sawasawa; anapokwenda kwenye pigo linalofuata, kishale kinagoma kusimama pale lilipo. Akisogea fremu moja kushoto amewahi, akisogea moja kulia amechelewa. Wengi hudhani programu ina hitilafu au kompyuta imezidiwa. Hakuna kilichoharibika. Pigo hilo limeangukia katikati ya fremu, na katikati ya fremu hapakatiki.

Video ni picha tuli zinazofuatana upesi kiasi cha kulihadaa jicho. Katika fremu 25 kwa sekunde kila picha hukaa milisekunde 40, na mhariri anaweza kukata kwenye mpaka wa picha moja na nyingine tu. Muziki nao una kipimo chake, ambacho ni idadi ya mapigo kwa dakika. Ili kujua pigo moja linachukua fremu ngapi, unazidisha fremu za sekunde moja kwa 60, kisha unagawanya jibu kwa idadi ya mapigo. Kwa fremu 25 hesabu huanza na 1500 kila mara: wimbo wa mapigo 100 unapata fremu 15 kamili kwa kila pigo, wa 125 unapata 12 kamili, na huu wetu wa 120 unapata 12.5. Ile nusu ndiyo chanzo cha kero yote.

Mtu akiiona nusu hiyo, jambo la kwanza linalomjia ni kuikata: aseme 12 na aendelee. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika video fupi ya picha za harusi. Nilikuwa na picha 160, nikaiambia programu ipe kila picha fremu 12, nikazimwaga zote kwa mpigo mmoja juu ya wimbo wa mapigo 120, nikatazama sekunde kumi za mwanzo nikaridhika. Picha ya bibi harusi akifunuliwa shela, ambayo ilipaswa kutokea kiitikio kinapolipuka, ilikuja sekunde tatu na ushee kabla, wakati mwimbaji bado anavuta pumzi. Kila picha ilikuwa imeibiwa nusu fremu, yaani milisekunde 20, kiasi ambacho hakuna mtu angekiona. Lakini nusu 160 ni fremu 80, na fremu 80 ni sekunde 3.2.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kuna namna mbili za kuondoa desimali, na zinafanana sana kwa sura ingawa matokeo yake hayakaribiani. Namna ya kwanza ni kuondoa desimali kwenye urefu wa pigo, kisha kurudia urefu huo kutoka kata moja hadi nyingine. Hapo kosa hujilimbikiza kama riba. Namna ya pili ni kuacha desimali mahali pake, kutafuta nafasi ya kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo, na kuondoa desimali mwishoni kabisa, kwenye nafasi hiyo tu. Pigo la kwanza baada ya mwanzo liko fremu ya 12.5, la pili 25, la tatu 37.5, la nne 50. Ukishusha zile nusu unapata 12, 25, 37 na 50, kwa hiyo picha zako zitakuwa na urefu wa fremu 12, kisha 13, kisha 12, kisha 13. Hakuna kata itakayokuwa mbali na pigo lake kwa zaidi ya nusu fremu, hata wimbo ukiendelea kwa saa nzima.

Watu wa pwani wanaijua hesabu hii kwa njia nyingine. Mwezi wa angani huchukua takriban siku 29.53 kutoka mwandamo hadi mwandamo, lakini hakuna mfungo wa siku 29 na nusu. Mwezi huwa wa siku 29 au 30, na huwezi kukata katikati ya siku kama usivyoweza kukata katikati ya fremu. Mtu ambaye angeamua kuhesabu 29 daima, akianzia pale mwezi uliopita ulipoishia, angekuwa amepotoka kwa zaidi ya siku sita katika mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano hivi Ramadhani yake ingeangukia Shaabani. Hilo halitokei kwa sababu kila mwezi watu hurudi kuutazama mwandamo wenyewe. Mhariri naye hana budi kurudi kwenye wimbo wenyewe kila anapokata, badala ya kurudi kwenye kata yake ya mwisho.

Kuna faraja nyingine katika hesabu hii. Pigo la 120 halikutani na fremu 25, lakini mapigo mawili hukutana: mawili ni fremu 25 kamili, manne ni 50. Anayekata kila baada ya mapigo manne, kama inavyofanywa katika video nyingi za muziki, hataona tatizo lolote. Wimbo wa mapigo 96 hukutana na fremu baada ya mapigo manane, ambayo ni fremu 125, na wa 128 baada ya mapigo 32, fremu 375. Zote ni sehemu ambazo muziki wenyewe hupenda kugeuka. Wimbo wa mapigo 110 ni mkaidi, kwa kuwa hukutana baada ya mapigo 11, idadi isiyo na maana yoyote katika muziki unaohesabiwa kwa nne. Kabla ya kuhangaika na kila pigo, ni vizuri kujua wimbo wako hukutana wapi na fremu.

Je, nusu fremu inaonekana? ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia mawasiliano, kilitoa mwaka 1998 pendekezo kuhusu sauti na picha za televisheni, likieleza kwamba mtazamaji huanza kugundua tofauti pale sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Milisekunde 20 za nusu fremu ziko chini ya vipimo hivyo vyote viwili, ingawa mpiga ngoma aliyezoea atakuwa mkali zaidi ya mtazamaji wa kawaida. La kuzingatia zaidi ni kwamba vipimo hivyo havilingani. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na mtu anayemtazama fundi akigonga msumari ng'ambo ya uwanja amezoea tangu utoto kuona nyundo ikitua kabla ya kusikia mlio. Macho yakitangulia, akili husamehe. Masikio yakitangulia, akili hushtuka. Kwa hiyo desimali inapokulazimisha kuchagua, shusha, wala usipandishe: picha iwahi kidogo na pigo liikute imeshafika. Wahariri wengi wazoefu huwahisha kata kwa fremu moja hata pale hesabu inapoingia sawasawa, na mimi niko upande wao.

Mkanganyiko huongezeka kwa sababu mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yametengenezwa Marekani, ambako fremu ni 24 au 30. Sinema ilijifunga kwenye 24 mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ilipoingia na kamera ikawa haiwezi tena kuzungushwa kwa kasi ya mkono wa mpigapicha. Televisheni ilifuata umeme: Marekani yenye umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde ikachukua fremu 30, Ulaya yenye mizunguko 50 ikachukua 25. Afrika Mashariki ilirithi umeme wa mizunguko 50, na televisheni yake, pamoja na ile ya rangi iliyoanzishwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa ya fremu 25. Sasa tazama: mapigo 120 katika fremu 24 ni fremu 12 kamili kwa kila pigo, na katika fremu 30 ni 15 kamili. Mwalimu wa Marekani anaposema kwamba 120 ndiyo kasi rahisi kuliko zote hadanganyi. Anazungumzia fremu zake. Kwetu kasi rahisi ni 75, 100, 125 na 150, na kwa wasioogopa desimali katika muziki, 93.75, ambayo hutoa fremu 16.

Hiyo si sababu ya kukimbilia 30. Taa nyingi za ukumbini na mitaani huku hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera inayopiga fremu 30 ikiachwa kwenye mipangilio yake ya kawaida huleta michirizi inayotembea juu ya picha, kasoro ambayo hakuna mdundo unaoweza kuificha. Anayepiga kwenye mwanga wa jua kwa ajili ya simu tu anaweza kutumia 30 bila wasiwasi, na atafurahia kwamba 90, 100, 120 na 150 zote zinakubali. Lakini aangalie kama 30 yake ni 30 kweli. Mwaka 1953 Wamarekani walipoongeza rangi kwenye televisheni, mawimbi ya rangi yangeingiliana na yale ya sauti, nao wakaepa tatizo hilo kwa kupunguza kasi ya fremu kwa sehemu moja katika elfu. Matokeo yake ni 29.97, namba ambayo bado inakaa ndani ya kamera na programu hadi leo. Anayehesabu fremu 15 kwa kila pigo la wimbo wa dakika nne wenye mapigo 120 anategemea kufika mwisho kwenye fremu ya 7200. Katika mradi wa 29.97 wimbo huisha kwenye fremu ya 7193 hivi. Fremu saba zimepotea, na ni karibu robo ya sekunde.

Watu wa filamu walikumbana na mambo haya zamani, kabla ya kompyuta, na suluhisho lao bado lina la kutufundisha. Katika Hollywood, mtunzi wa muziki wa filamu alikuwa akipewa mlio wa kumwongoza, uliopatikana kwa kutoboa matundu kwenye ukanda wa sauti kwa umbali uliopimwa. Kasi haikutajwa kwa mapigo ya dakika. Ilitajwa kwa fremu na sehemu za nane za fremu, kwa kuwa fremu moja ya ukanda wa milimita 35 ilikuwa na matundu manne pembeni, na nusu ya nafasi ya tundu moja ilitoa sehemu ya nane. Kasi ya 12 na 4 ilimaanisha fremu 12 na nusu, ambayo kwa fremu 24 ni mapigo 115.2 kwa dakika. Tazama walichokuwa wakikigawanya: picha ilibaki nzima, sauti ndiyo iliyokatwa vipande vidogo.

Leo tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Sauti ya video kwa kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya fremu moja ya 25 kuna sehemu 1,920 ambamo sauti inaweza kusogezwa. Premiere Pro, DaVinci Resolve na programu nyingine kubwa huruhusu kuusogeza wimbo kwa kipimo kidogo kuliko fremu, ila wengi hawajui kwamba kipimo hicho kipo kwa sababu hakionekani mpaka ukiwashe. Kama mapigo yako makubwa yote yanaangukia robo tatu ya fremu, usihangaike na kata 40. Sogeza wimbo mzima milisekunde 30 kushoto au 10 kulia, mara moja, na zote zitakaa.

Wengine huuliza kama si rahisi zaidi kubadilisha kasi ya wimbo. Inategemea umbali. Kutoka 98 hadi 100 ni asilimia mbili, na programu za leo hunyoosha sauti kiasi hicho bila kubadilisha ufunguo wala kumchosha msikilizaji. Kutoka 120 hadi 125 ni zaidi ya asilimia nne, na sauti ya mwimbaji huanza kusikika ina haraka, hasa kwenye maneno marefu. Sinema za fremu 24 zilipokuwa zikirushwa kwenye televisheni za fremu 25, jambo hilohilo lilitokea kwa kila kitu: filamu iliharakishwa kwa asilimia nne na kidogo, muziki wa 120 ukawa 125, na kama haukurekebishwa ulipanda kwa karibu robo tatu ya nusu toni. Fremu kwa kila pigo zilibaki 12, kabla na baada. Njia bora kuliko zote ni kumwambia produsa mapema, kabla mwimbaji hajaingia studio, kwamba wimbo wa 98 ungefaa zaidi ukiwa 100. Aghalabu hatajali, kwake ni namba tu kwenye kona ya skrini. Mwimbaji akishaingiza sauti, usiguse.

Hesabu zote hizi zinategemea kuijua kasi ya kweli, na hapo ndipo wengi hupotea. Programu za kutambua kasi huweza kukupa nusu au maradufu ya kasi halisi, jambo ambalo ni rahisi kulisikia, lakini huweza pia kukupa 98 wakati wimbo ni 97.6, na hilo halisikiki. Baada ya mapigo 200, tofauti hiyo ni nusu sekunde. Nyimbo zilizotengenezwa kwa kompyuta huwa na namba kamili mara nyingi. Zilizojengwa juu ya kipande cha wimbo wa zamani huwa hazina. Pima mwenyewe: lipe pigo la kwanza namba sifuri, siyo moja, hesabu hadi pigo la 64, gawanya 3840 kwa sekunde zilizopita. Ukianza na moja utakuwa umehesabu miti ya uzio badala ya nafasi zilizo kati yake.

Angalia pia unachopimia. Faili la MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni linapotengenezwa, mara nyingi cha milisekunde 25 au zaidi, kwa hiyo mwanzo wa faili si mwanzo wa wimbo. Omba WAV, faili la sauti lisilobanwa, na tafuta pigo la kwanza kwa kulikuza wimbi la sauti hadi uone linapopanda. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, nyingine kwa zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu mbili na nusu, na nimeona mtu akisogeza kata zake zote kuifuata sauti iliyochelewa njiani kutoka kwenye kompyuta hadi sikioni. Kazi ya mapigo inataka waya. Simu nazo nyingi hupiga video kwa fremu zisizo na kasi moja, zikiongeza na kupunguza kulingana na mwanga. Video ya namna hiyo igeuzwe kuwa ya kasi thabiti kwanza, na programu ya bure kama HandBrake inatosha, kabla haijaingia kwenye mradi.

Singeli inastahili maneno yake yenyewe, kwa sababu inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa bahati, 300 hutoa fremu tano kamili na 250 hutoa sita, na 240, ingawa hutoa 6.25, hukutana na sekunde nzima kila baada ya mapigo manne. Lakini nusu fremu ambayo katika wimbo wa taratibu ni tone, hapa ni kijiko kizima: pigo la 300 lina milisekunde 200 tu, na 20 ni sehemu yake ya kumi. Halafu anayekata kila pigo anaonyesha picha tano kwa sekunde, na mtazamaji hamtambui hata anayecheza. Nadhani singeli inataka kata chache na ulinganifu ndani ya picha. Mtafute mchezaji, pita fremu moja moja mpaka uione ile ambayo mguu umetua: katika fremu iliyotangulia unyayo ni ukungu, katika hii umekuwa kitu chenye kingo na vumbi linaanza kuinuka pembeni yake. Hiyo ndiyo fremu ya kuiweka juu ya pigo, na kata yenyewe inaweza kukaa popote.

Mwendo wa polepole unafuata hesabu ileile, ingawa eneo la kupigia huwachekesha wapita njia. Ukitaka mwimbaji aonekane akielea huku midomo ikienda na wimbo, unapiga kwa fremu 50 na kumchezea wimbo kwa kasi maradufu. Wimbo wa 100 unakuwa 200, naye anaimba kama kasuku aliyetishwa. Ukishaipunguza picha hadi fremu 25, kila pigo lina fremu zake 15, vilevile kama lilivyokuwa kwenye kamera. Anayepiga kwa 60 ili aishushe hadi 25 anapaswa kucheza wimbo kwa kasi ya mara 2.4, na akicheza kwa mara mbili kwa mazoea, wimbo utaiacha midomo nyuma kabla ubeti haujaisha.

Taarabu iliyorekodiwa jukwaani haina namba ya kuweka kwenye hesabu yoyote kati ya hizi. Kasi hupanda waalikwa wakianza kutunza na hushuka mwimbaji akitaka neno lake lisikike. Hapo cheza wimbo na uweke alama kwa kidole, pigo kwa pigo, kisha rudi ukikuze kila kipande na usogeze kila alama hadi pale dumbaki linapogonga. Kwa wimbo wa dakika kumi ni kazi ya jioni nzima. Mwisho wa ubeti, pale fidla zinapovuta na kila mtu akimsubiri mwimbaji, utaona alama mbili zimeachana kuliko nyingine zote. Usiweke kata katikati yao.